Mahafali Dodoma: maswali ambayo masta na PhD mnaniuliza kila mwaka

Kila ikiingia Oktoba simu yangu inaanza. Kaka joho wanatoa lini, kaka eti mzazi haingii bila kadi, kaka nimepita viva (ule mtihani wa mdomo wa kutetea tasnifu) mbona jina silioni. Nilimaliza masta hapahapa Dodoma miaka kadhaa nyuma, kwetu ni Singida, na hadi leo bado naishi huku (kwa nini bado niko huku ni stori iko chini kabisa). Nimechoka kujibu kitu kilekile kwa voisi noti kwahiyo nimeyaweka yote hapa. Yanamhusu aliyesoma UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), St John's, Mipango, CBE, popote, ila kila chuo kina utaratibu wake kwenye vitu vidogovidogo kama tarehe na ada, kwa hiyo soma na tangazo la chuo chako, usije ukaniambia "si wewe ulisema".

Nimepita viva, si ndo nimemaliza?

Hapana. Na hili ndilo linaloliza watu wengi kuliko yote. Unatoka kwenye chumba cha viva, paneli imekupongeza, mmepiga picha na sapavaiza (msimamizi wa tasnifu yako), umeposti status, jioni mmekula kuku, asubuhi umepanda basi kwenda nyumbani. Kwenye begi una karatasi imeandikwa umepita kwa masharti ya marekebisho. Hayo marekebisho lazima uyafanye, mtu aliyeteuliwa ayakague na asaini, tasnifu ikapite tena kwenye kipimo cha kunakili, uifunge kava gumu, uwasilishe hardikopi na softikopi, ndaki (sehemu ya chuo yenye fani yako) ipeleke jina lako, na mwisho Seneti, kikao kikuu cha taaluma cha chuo, ipitishe. Ni Seneti ndo inasema umehitimu, sio paneli. Mtu akikaa nyumbani miezi miwili na "vimarekebisho vidogo" anakuja kushtuka orodha ya wahitimu imetoka na yeye hayumo, hapo anasubiri mwaka mzima mwingine au duru linalofuata kama chuo chake kina duru mbili.

Ushauri wangu: usiondoke Dodoma hujasainiwa marekebisho. Hata kama kodi ya geto imeisha, omba kwa rafiki ulale sebuleni wiki mbili. Ukiwa karibu utamkuta mtu ofisini saa tatu asubuhi, ukiwa Mtwara utamtumia imeili ataisoma lini hujui.

Orodha ya majina imetoka, niangalie nini?

Angalia herufi moja moja. Sio kuangalia tu kwamba umo. Chukua cheti chako cha form four ukiweke pembeni, na kitambulisho cha NIDA, ulinganishe: mpangilio wa majina, "h" zote, "y" na "i", kama umeandikwa majina mawili au matatu. Vyuo huwa vinatoa orodha ya awali makusudi ili watu wasahihishe kabla vyeti havijachapwa, na muda wake unakuwa mfupi. Kikishachapwa, sasa hapo unaingia kwenye barua, kiapo kwa wakili, malipo, na kusubiri.

Yangu ilikuwa herufi moja. Wakati wa kuomba masta nilijaza fomu kwenye intaneti kafe, umeme unataka kukatika, jina la baba nikalipiga bila "h" ya mwisho. Nikasoma miaka miwili na hilo jina, kitambulisho cha chuo kina hilo jina, matokeo yana hilo jina, na mimi nalisoma kila siku silioni. Orodha ya awali ilipotoka nikatafuta jina langu, nikaliona, nikafunga simu. Makosa yangu mwenyewe asilimia mia. Nilikuja kuliona siku nimeshika cheti, na aliyeliona si mimi, ni dada yangu.

Wadada mlioolewa katikati ya masomo na mnataka jina la mume liingie: fikirieni mara mbili. Ukibadilisha, vyeti vya nyuma vyote vitakuwa na jina lingine na kila ukiomba kazi utabeba hati ya kubadili jina. Wengi naowajua wamebaki na jina la shule kwenye vyeti na jina la ndoa kwenye harusi na misiba, maisha yanaenda.

Klirensi (kusainiwa kila ofisi kwamba hudaiwi) ni lazima nizunguke mwenyewe?

Sikuhizi vyuo vingi wanafanya kwenye mfumo, ila mfumo nao una watu nyuma yake. Maktaba, hosteli, uhasibu, idara, maabara kama ulikuwa sayansi. Anza na uhasibu maana ndo wenye maneno, unaweza kukuta unadaiwa shilingi elfu kumi ya mwaka wa kwanza ambayo ulilipa ila haikusoma. Risiti zote za kontrol namba zitunze, zipige picha uzitupe kwenye imeili yako binafsi. Sio imeili ya chuo, nitasema hapo chini kwa nini.

Joho nanunua au nakodi?

Unakodi, halafu unarudisha, na ukichelewa kurudisha kuna faini. Usilipeleke kijijini likapigwe picha na bibi wakati tarehe imepita, japo najua utalipeleka tu. Likipokelewa lijaribu palepale, watu warefu mnapewaga joho linaishia magotini mnaonekana kama mmevaa koti la mvua.

La masta na la PhD ni tofauti na la digrii ya kwanza, kuna ile hudi ya kuning'inia mgongoni yenye rangi za chuo na fani, na watu wa PhD kofia yao mara nyingi ni ile laini ya duara na sio ya bapa. Nenda na pini kadhaa za nguo, hudi inateleza mbele inakukaba shingo ukikaa. Ndani vaa kitu chepesi. Hii ni Dodoma, Novemba na Desemba mwanzoni ndo kipindi jua limekaa vibaya, mvua zenyewe bado au ndo zinaanza, upepo una vumbi jekundu, na wewe uko ndani ya joho zito kama blanketi kwa masaa manne. Nimeshuhudia kaka wa suti ya vipande vitatu akitolewa nje kupepewa na magazeti.

Wazazi wangapi wanaingia, na walale wapi?

Kadi zina idadi, mara nyingi chache, na watoto wadogo mara nyingi hawaruhusiwi ukumbini. Waambie ndugu mapema, maana baba mkubwa akifika na kosta imejaa watu kumi na nane na matarumbeta ndo unamwambia kadi ni mbili, lawama utaibeba hadi uzeeni. Wanaobaki nje sio kwamba wanakosa, nje ndo kwenye maua, keki, wapiga picha na vigelegele, na turubai huwa zinakuwepo. Waambie tu wabebe miavuli ya jua na maji.

Kulala ndo mtihani. Mahafali ya vyuo vya hapa yanafuatana kipindi kimoja, na Bunge nalo huwa lina mkutano wake Novemba, zikigongana hizo mbili gesti za Area C, Area D, Kisasa na Ilazo zinajaa na bei inapanda bila aibu. Weka oda mwezi kabla. Kama wazazi sio watu wa makuu, gesti za Nkuhungu, Chang'ombe au pembeni kidogo zinapatikana kwa bei ya kibinadamu, halafu unakodi bajaji moja kwa siku nzima.

Wanaotoka Dar sasa hivi raha kwao, treni ya SGR ilianza kufika Dodoma 2024, ni masaa matatu na kitu hadi manne, wakati basi ni siku nzima inaliwa. Ila tiketi za mwisho wa wiki ya mahafali zinaisha, na kukata kunataka kitambulisho, kwahiyo mkatie mama mapema na mkumbushe asiache kitambulisho kwenye kabati. Wa Singida, Kondoa, Mwanza mnashukia stendi kuu ya Nanenane kama kawaida.

Siku yenyewe inaendaje?

Unatakiwa uwe umekaa kabla wakubwa hawajaingia. Tangazo likisema saa mbili, basi saa mbili mlango unafungwa kweli, hii sio harusi. Kisha mnasubiri. Mnasubiri sana. Halafu brasi bendi inaanza, yanaingia maandamano ya kitaaluma, rungu la chuo limetangulia, maprofesa na majoho yao ya kila rangi kutoka kila nchi walikosoma, mwisho kabisa Mkuu wa Chuo. (Kwa wazazi wanaochanganya: Mkuu wa Chuo ni yule wa heshima anayetunuku, bosi wa kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo.) Wimbo wa taifa, dua, hotuba, takwimu za wahitimu wanawake kwa wanaume, hotuba nyingine.

Kutunuku kwenyewe ni kwa ndaki au kwa skuli. Mnaitwa, mnasimama kundi zima, inasomwa ile "kwa mamlaka niliyopewa", ikifika "nawatunuku" ukumbi unalipuka na vigelegele vya akina mama huko nyuma, na hapo ndo kila mtu anagundua kwamba kapiga kelele na hakusikia kilichosemwa. Umetunukiwa lakini. Watu wa digrii ya kwanza ni wengi mno hawaitwi mmoja mmoja. PhD kwa kawaida ndo wanaofaidi: anaitwa kwa jina, kinasomwa alichotafiti, anapanda jukwaani anavishwa hudi mbele ya watu wote. Kama wewe ni masta na ulimwahidi mama kwamba utapanda jukwaani, uliza kwanza chuoni kwako, usije ukamdanganya.

Wengine wenu mtakaa kwenye ukumbi wa Chimwaga pale UDOM. Jua tu uko kwenye historia: humo ndimo CCM walimpitisha Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995, kabla chuo chenyewe hakijawa hata wazo, UDOM imeanza 2007, na baadaye Mkapa huyohuyo akaja kuwa Mkuu wa Chuo hicho. Profesa wangu alikuwa anapenda kuisema hii kila mwaka, na mimi nimeirithi.

Nisipohudhuria nitakosa cheti?

Hukosi. Unatunukiwa hata kama haupo, cheti unafuata baadaye. Kama nauli ya ukoo mzima inamaanisha mama auze mbuzi watatu, mbuzi wabaki. Fanyeni kisherehe nyumbani, joho la kupigia picha mtaani yapo ya kukodi.

Naanza lini kujiita Dokta?

Ukitunukiwa. Najua kuna watu wamebadilisha jina la WhatsApp siku ya viva na wengine siku ya kusajiliwa, sitaji mtu. Nyumbani kwenu jiandae: kijijini ukisema wewe ni daktari wataanza kukuonyesha miguu inayouma, na ukieleza kwamba wewe ni daktari wa lugha au wa mipango miji utaona uso wa bibi ukishuka polepole.

Nimpe sapavaiza zawadi?

Baada ya kila kitu kusainiwa, sawa. Kabla, hapana, hata kama unamheshimu kama mzazi, utamweka pabaya na wewe mwenyewe utajiweka pabaya. Zawadi yenyewe isiwe kubwa. Kitenge, asali nzuri, zabibu au chupa ya waini ya hapahapa Dodoma kama ni mtumiaji. Lakini kaa naye ofisini nusu saa umwambie ulichojifunza na uulize mtaandika wapi hiyo makala, hicho wengi hawakifanyi, wanaaga kwa meseji ya "asante sana prof, Mungu akubariki" wanapotea. Na miaka miwili baadaye wanamtafuta awe refarii, yule wa kuwashuhudia wakiomba kazi. Atakukumbuka vipi sasa?

Mimi ni mwalimu, nilipewa ruhusa ya masomo. Nikirudi na masta mshahara unapanda?

Sio moja kwa moja, na wengi hawakuambiwa hivi wakati wanajisajili. Mshahara unafuata muundo wa utumishi wa kada yako, sio idadi ya vyeti. Kama masta yako inaendana na kada, inaweza kukusaidia kwenye madaraja au kukufungulia nafasi za juu, kama umesoma kitu kingine kabisa unahitaji kubadilishiwa muundo, na hiyo inategemea kibali, ikama (idadi ya nafasi zilizoidhinishwa) na bajeti, na kuna wakati kubadilishwa kada maana yake ni kuanza chini kwenye kada mpya. Kwahiyo kabla hujaandika barua muone afisa utumishi wa halmashauri yako uongee naye ana kwa ana.

Cha kufanya mara tu ukimaliza: ripoti kazini kwa barua, ambatisha barua ya chuo ya kumaliza masomo (omba hiyo barua kabla hujaondoka, cheti kitachelewa lakini barua inatoka), hakikisha taarifa zako za elimu zimeingia kwenye mfumo wa watumishi. Na kama ulisaini mkataba wa kurudi kumtumikia mwajiri miaka kadhaa, usome. Watu wanaacha kazi mwezi wa pili halafu wanaletewa bili ya ada na mishahara yote waliyolipwa wakiwa darasani.

Nataka kufundisha chuo. Niombe wapi?

Nafasi nyingi za vyuo vya serikali zinapita Sekretarieti ya Ajira, unaomba kwenye Ajira Portal. Matangazo ya mhadhiri msaidizi kwa kawaida yanataka GPA (wastani wa alama) ya masta isipungue 4.0, na ya digrii ya kwanza pia wanaiangalia, 3.5 au 3.8 kutegemea tangazo. Hapa watu wanalia: una masta ya 4.6 lakini digrii ya kwanza 3.3, mlango umefungwa. Sipendi huu utaratibu, mtu anakua bwana, ila kulalamika hakujazi fomu. Vyuo vya kati, taasisi za utafiti na miradi wanaangalia kwa namna nyingine.

Kitu muhimu: matangazo yao huwa yanaandika wazi kwamba matokeo ya awali na slipu hazikubaliki. Wanataka cheti chenyewe, nakala iliyogongwa muhuri na wakili, na majina yafanane. Unaona tulivyorudi kwenye majina? Na waliosoma digrii moja nje ya nchi wapate ithibati ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) mapema. Anayetaka kutumia vyeti vya hapa huko nje avipitishe Wizara ya Mambo ya Nje, iko Mtumba, sasa wewe uko Dodoma tayari, kwa nini uondoke halafu urudi na nauli kwa ajili ya muhuri?

Bodi ya Mikopo inanidai ya digrii ya kwanza.

Itaendelea kukudai. Ukiajiriwa mwajiri anakata 15% ya mshahara wa msingi. Afadhali sasa, ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, deni halivimbi kama zamani. Ingia kwenye akaunti yako uangalie salio kabla ya kupanga maisha kwa mshahara ambao bado hujaupata.

Imeili ya chuo itafungwa?

Siku moja itafungwa bila kukuaga. Hamisha kila kitu, drafti, data, barua za ruhusa ya utafiti, mawasiliano na majarida. Fungua ORCID (namba ya kumtambulisha mtafiti mtandaoni), ni bure, na uiunganishe na imeili binafsi. Vitabu na makala za kulipia ulizokuwa unapata kupitia maktaba, pakua zile za muhimu sasa hivi ukiwa bado na akaunti.

Kuhusu majarida: ukishaweka tasnifu kwenye mfumo utaanza kupokea imeili za "Dear esteemed Professor" zinazotaka uchapishe ndani ya siku tano kwa dola mia mbili. Futa. Muulize sapavaiza, angalia kama jarida lipo kwenye DOAJ au AJOL (orodha za majarida mtandaoni), uone nani yuko kwenye bodi yake.

Data nilizokusanya nizifanyie nini?

Hili haliulizwi sana, nimeliongeza mwenyewe. Wengi tulikusanya data Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa. Tulikaa chini ya mbuyu na wazee, tukala ugali na mlenda wao, tukawauliza maswali arobaini kuhusu mavuno, maji, ndoa, vyoo. Mzee mmoja aliniuliza "mwanangu, mwaka jana alikuja mwenzio na makaratasi kama haya, alipata alichotaka?" Sikuwa na jibu, nikacheka tu. Nilivyomaliza nilichapa kurasa mbili za Kiswahili, nini tumekuta, nikazipeleka ofisi ya kijiji kwa bodaboda. Mtendaji akazisoma mkutanoni na wakanipinga kwenye pointi mbili, na kwa ile ya pili walikuwa sahihi, nilikuwa nimehesabu visima vya msimu wa mvua.

Vitu vya geto?

Feni, godoro, mtungi wa gesi, uza kwa wanaoingia, wanafunzi wapya wanafika muda uleule mnaondoka. Usisafirishe godoro la inchi nne kwenda Mbeya. Deni la dukani kwa mangi lilipe, anakukumbuka kuliko chuo.

Na wewe jina lako lilirekebishwa?

Lilirekebishwa. Nilirudi Dodoma mara tatu kutoka Singida. Mara ya kwanza nilikosa kiapo. Mara ya pili nilikuwa na kiapo ila sina cheti halisi cha form four, nimekuja na kopi. Mara ya tatu nilikuja na kila kitu kwenye bahasha moja na nikaambiwa nisubiri siku kumi na nne, nikaona nauli ya kwenda na kurudi ni karibu sawa na kodi ya chumba cha mwezi Nkuhungu. Nikapanga chumba. Siku ya tisa jirani mwenye stesheneri akaniomba nimsaidie kupanga tasnifu za watu kabla hajazifunga kava. Bado tuko naye. Ukija kufunga yako, jina lako nitalisoma mara mbili.